Cuzo Akikuita Arkaroola Disemba, Kataa: Vile Mvua Huendesha Kila Kitu Kwa Jangwa la Australia

Disemba ikikaribia, kila Mkenya mwenye ana mtu majuu huanza kupiga hesabu ya tiketi. Sasa kama cuzo yako anaishi Adelaide, kule Australia Kusini, kuna siku atakuambia: "Buda, ukikuja tutaenda outback, kuna mahali panaitwa Arkaroola." Atakutumia picha za milima myekundu, kangaruu wamesimama kama watu wanangoja mathree, na usiku wenye nyota mpaka unafikiri picha imeongezwa kitu. Utajibu "niko ndani" kabla hata hujamaliza kuziangalia zote.

Ngoja kwanza. Muulize ni mwezi gani.

Huku kwetu tumezoea safari zenye ratiba. Ukitaka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara, unajua ni kati ya Julai na Oktoba, unapanga, unaenda, unawapata. Arkaroola haiendi hivyo. Pale wanyama hawasomi kalenda. Wanangoja mvua, na mvua yenyewe inaweza kukuja leo, mwaka ujao, ama baada ya miaka mitatu. Halafu kuna kitu kingine wasee wengi hawajui: bahari ile ile yenye inaamua kama Kenya itafurika ama itakauka, inaamua pia kama hao wanyama watakula. Tutafika hapo.

Kwanza mahali penyewe. Arkaroola iko kaskazini ya safu ya milima ya Flinders, karibu kilomita 700 kutoka Adelaide. Fikiria Nairobi hadi Lodwar hivi, halafu kipande cha mwisho, zaidi ya kilomita 100, hakina lami. Eneo lake ni kilomita za mraba 610, yaani Nairobi National Park mara tano na bado unabaki na chenji. Katikati kuna kijiji kidogo cha loji, kambi, mkahawa na pampu ya mafuta. Baada ya hapo ni mawe. Na hayo mawe si ya jana, mengine yana zaidi ya miaka bilioni 1.5.

Zamani hii ilikuwa ranchi ya kondoo. Mwaka wa 1968 mwanajiolojia mmoja, Reg Sprigg, pamoja na bibi yake Griselda, waliigeuza kuwa hifadhi. Sprigg hakuwa mtu wa kawaida. Mwaka wa 1946, akiwa kijana tu, aliokota kwenye milima ya Ediacara mawe yenye alama za viumbe laini vilivyoishi baharini kabla dunia haijakuwa na samaki. Leo kuna kipindi kizima cha historia ya dunia kinaitwa Ediacaran kwa sababu ya hiyo milima. Na mwaka wa 1962 yeye, bibi yake na watoto wao wawili walivuka Jangwa la Simpson kwa gari, familia ya kwanza kufanya hivyo. Wewe ukienda Naivasha na watoto wawili unafika umechoka.

Lakini wenyewe wa pale, tangu zamani kabisa, ni Waadnyamathanha. Wao husimulia kuhusu Akurra, nyoka mkubwa aliyeshuka kutoka milimani akakunywa Ziwa Frome lote mpaka likaisha. Tumbo likijaa maji ya chumvi, akajiburuta kurudi juu, na njia aliyopita ndiyo korongo la Arkaroola. Bado ako huko juu amelala, na tumbo likinguruma ardhi inatetemeka. Sasa cheki hii: Ziwa Frome kweli ni uwanja wa chumvi mkavu karibu wakati wote, kama Chalbi yetu, na milima hiyo kweli huwa na matetemeko madogo madogo. Hao watu walikuwa wanaisoma ardhi yao vizuri kabla ya mwanajiolojia yeyote.

Basi turudi kwa Disemba.

Australia iko kusini mwa ikweta, kwa hivyo miezi yao ya joto ni Disemba, Januari na Februari. Arkaroola wakati huo joto linapita digrii 40, na si siku moja ya bahati mbaya, inaweza kuwa siku kadhaa zimefuatana. Msee wa Garissa atasema hiyo ni kawaida. Lakini Garissa kuna kivuli, kuna duka, kuna mtu wa maji na punda. Huku gari likikufa, netiwaki hakuna kwa sehemu kubwa ya njia, na gari lingine linaweza kupita kesho. Joto la aina hiyo huua watu wazima wenye afya, kwa masaa, si kwa siku.

Ndio maana kila mtu wa outback atakufundisha sheria moja kabla hata ya kukuuliza jina: gari likiharibika, usiliache. Wengi waliokufa kwa nchi kama hiyo walianza kutembea kutafuta msaada. Gari lina kivuli, lina maji kama ulipakia, na rubani akiangalia kutoka juu anaona gari haraka kuliko binadamu mmoja katikati ya mawe. Mtu wa kawaida huona akikaa pale anajikalia bure, anaona heri afanye kitu. Kaa pale. Tena kuna madaktari wa ndege, Royal Flying Doctor Service, wamekuwa wakizunguka nchi hiyo tangu 1928, lakini hata wao lazima kwanza wakupate.

Hiyo ni nusu ya shida. Nusu nyingine inachanganya watu: miezi hiyo hiyo ya joto ndiyo inaweza kuleta mafuriko.

Kwa mwaka mzima Arkaroola hupata takriban milimita 250 za mvua. Nairobi hupata karibu mara nne ya hiyo. Lakini hiyo 250 ni wastani tu, na wastani ni muongo mkubwa. Kuna miaka inakuja nusu yake, halafu kuna wiki moja mvua ya mwaka mzima inamwagika pamoja, kwa sababu dhoruba kutoka kaskazini ya tropiki imeteremka mpaka jangwani. Januari 2022 ilikuwa hivyo. Sehemu za ndani za Australia Kusini zilifurika mpaka barabara kuu ya kwenda kaskazini ikakatika, na reli ikasombwa, na maduka ya miji ya mbali yakaanza kuishiwa.

Mito ya Arkaroola ni laga. Mtu wa Turkana ama Isiolo hahitaji kuelezwa. Siku nyingi ni mchanga mkavu na miti mikubwa ya mkaratusi imesimama kando, kivuli kizuri, unafikiri hapa ndipo pa kupiga hema. Mvua inanyesha milimani kilomita nyingi kutoka kwako, juu yako jua linawaka, halafu maji yanatokea kwa kona. Tunakumbuka Hell's Gate, Septemba 2019, maji yalipojaa kwa korongo ghafla na kuua watu saba. Ni kitu kile kile. Mawe hayanywi maji, kila tone linakimbilia bondeni.

Na baada ya mvua barabara ya udongo hufungwa. Inawekwa kibao, na ukipita kibao unapigwa faini, kwa sababu gari moja likipita kwa tope linachimba mitaro yenye itawasumbua wengine miezi. Kwa hivyo unaweza kuwa loji, uko salama, una chakula, lakini huendi popote siku tatu au nne. Kama ndege yako ya kurudi JKIA ni kesho kutwa, hiyo ni shida yako na kampuni ya ndege.

Sasa wanyama. Hapa ndipo niliposoma mpaka usiku, na ukweli ni kwamba simba wetu tumewazoea mno tukasahau kuna wanyama wengine wenye akili ya kuishi.

Staa wa Arkaroola anaitwa andu. Hilo ni jina lake la Kiadnyamathanha. Wazungu humwita walabi wa mawe mwenye miguu ya manjano. Ni ndugu mdogo wa kangaruu, lakini kavaa kuliko wote. Mgongo wa kijivu, mstari mweupe shavuni, miguu na masikio ya rangi ya chungwa, na mkia wenye pete za manjano na kahawia kama soksi za timu ya mpira. Kwa picha anaonekana kama mtu amemchora. Kwa ground mambo ni mengine: kwenye jabali jekundu lenye vivuli hizo rangi zote zinapotea, unaweza kumkodolea macho bila kumwona mpaka aruke. Na akiruka, buda, anapanda ukuta wa mawe kama anashuka ngazi. Nyayo zake zina ngozi ya kukwaruza inayoshika jiwe, na ule mkia mrefu ndio mizani yake.

Andu alikuwa karibu kuisha. Kwanza watu walimwinda kwa sababu ya ngozi. Halafu wakaja maadui wawili ambao hawakuwa wa pale: mbweha walioletwa kutoka Ulaya, na mbuzi. Ndio, mbuzi, huyu wetu wa choma. Mbuzi wa wafugaji walitoroka wakawa wa porini, na mbuzi hupanda mawe pia, hula nyasi zile zile, hulala kwa mapango yale yale na hukunywa kisima kile kile. Mbweha yeye hashindani, anakula mtoto. Mama andu huwa na tabia ya kumwacha mtoto aliyetoka kwa mfuko amejificha kwenye mawe akienda kula. Kwa maelfu ya miaka hiyo ilikuwa njia salama. Mbweha alipofika, ikawa kama kuacha mlango wazi.

Mwaka wa 1992 serikali ya Australia Kusini ilianzisha mradi unaitwa Bounceback: kupunguza mbweha kwa sumu na mbuzi kwa bunduki na kwa kuwakusanya. Arkaroola na majirani wengine wakafuata njia hiyo. Andu wakaanza kurudi. Lakini hata bila mbweha, namba zao hupanda na kushuka na mvua. Miaka ya ukame watoto wengi hawafiki ukubwa. Ikinyesha, nyasi inaota kati ya mawe, mama anapata maziwa, unaanza kuona vichwa vidogo vikichungulia kwa mifuko.

Kangaruu mwekundu, yule mkubwa wa tambarare chini ya milima, ako na ufundi mwingine kabisa. Mtoto wake huzaliwa baada ya siku 33 tu, akiwa mdogo kama punde ya haragwe, na anatambaa mwenyewe mpaka kwa mfuko. Siku chache baadaye mama anaweza kupata mimba nyingine, lakini hiyo mimba inasimama. Inangoja. Ni mpira mdogo wa seli umelala tumboni, haukui, haufi. Yule wa kwa mfuko akitoka, ama akifa, ile mimba inaamka na kuendelea. Mama mmoja anaweza kuwa na mtoto mmoja nje anayerudi kunyonya, mmoja ndani ya mfuko, na mmoja amesimamishwa kama filamu. Na maziwa anatoa ya aina mbili kwa wakati mmoja, kila chuchu na mapishi yake. Ukame ukizidi sana, kila kitu kinafungwa, hazai kabisa. Mvua ikikuja, ako na mtoto tayari kwa foleni wakati wanyama wengine ndio wanaanza kutongozana.

Emu naye anafanya kinyume na wote. Huyu ni ndege mkubwa asiyeruka, mfikirie mbuni aliyevaa koti la manyoya lenye halikupigwa pasi. Yeye hutaga miezi ya baridi. Mama anataga mayai ya kijani kibichi iliyokolea, halafu anajitoa. Baba ndiye anakalia, karibu wiki nane, na muda huo wote hali karibu chochote, anaishi kwa mafuta ya mwili. Vifaranga wakitoka na mistari yao ya kahawia, ni baba anatembea nao miezi mingi. Kwa hivyo ukienda Agosti au Septemba na uone emu mmoja na watoto sita nyuma, huyo si mama wa watu. Wale madem wa mtandao wenye hulia kuhusu wababa wamepotea wapelekwe Arkaroola.

Angani kuna tai mwenye mkia wa kabari, mabawa yake yakifunguka yanapita mita mbili. Huyo utamwona hata Disemba, kwa sababu barabara za outback zina kangaruu wengi waliogongwa na yeye hachagui. Kwa miti ya laga kuna makasuku weupe wanaitwa korela, na hao usitegemee kulala baada ya saa kumi na mbili asubuhi, kelele yao ni ya soko la Gikomba Jumamosi. Pia kuna wale ndege wadogo wa kijani ambao watu hapa Nairobi hufuga kwa vizimba kwa balkoni. Kwao ni huku. Mwaka mzuri wanaruka kwa makundi makubwa mpaka kundi likigeuka angani linawaka kijani halafu linazima. Mwaka mbaya hawapo, wamehama kufuata mvua kwingine, na hakuna mtu anajua watarudi lini.

Lakini kama ungeniuliza mimi ningetaka kuona nini, ningesema dimbwi. Dimbwi tu la maji, siku chache baada ya mvua kubwa.

Kwa mchanga mkavu wa outback kuna mayai ya kamba mdogo mwenye gamba kama ngao mgongoni. Hayo mayai hukaa makavu kwa miaka, jua likiyachoma, upepo ukiyabeba. Maji yakisimama, ndani ya siku chache dimbwi limejaa hivyo viumbe vinaogelea, vinakula, vinataga haraka haraka kabla maji hayajaisha. Vyura nao walikuwa wamejizika chini ya udongo wakingoja, wanachimbuka na kuanza kuimba usiku huo huo. Ni kama vile kumbikumbi hutoka hapa kwetu mvua ya kwanza ikipiga, unashangaa walikuwa wapi wote. Tofauti ni kwamba kumbikumbi wetu wana uhakika wa mwaka ujao.

Hii kitu ikifanyika kwa ukubwa, unapata maajabu ya Kati Thanda, ama Ziwa Eyre, upande wa kaskazini magharibi wa milima hiyo. Ni ziwa kubwa kuliko yote Australia na mara nyingi halina maji. Sehemu yake ya chini iko karibu mita 15 chini ya usawa wa bahari, kwa hivyo mafuriko ya mbali huishia pale. Machi 2025 mvua kubwa ilinyesha Queensland, mamia ya kilomita kutoka hapo, maji yakateremka polepole kwa mito ya jangwani wiki kwa wiki mpaka ziwa likaanza kujaa. Wakafuata mwari kwa maelfu, ndege ambao kawaida wanakaa pwani. Wanajuaje kwamba katikati ya jangwa kumejaa samaki? Wanasayansi bado wanabishana kuhusu hiyo.

Sasa ile habari ya bahari niliyoahidi.

Bahari ya Hindi iko kati yetu na wao, sisi upande wa magharibi, Australia upande wa mashariki. Maji yake ya juu hayana joto sawa kila mahali, na hilo joto huyumba kama bembea. Miaka mingine upande wetu wa Mombasa na Lamu unapata moto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia unapoa. Maji ya moto huinua mvuke, mawingu yanajaa kwetu, mvua za Oktoba hadi Disemba zinatupiga vibaya. Upande wa pili, Australia inabaki na anga safi na udongo unaopasuka. Bembea ikigeuka, wao wanafurika, sisi tunakauka. Wanasayansi walieleza mchezo huu mwaka wa 1999 na wanauita Dipoli ya Bahari ya Hindi. El Niño unaijua jina tangu 1997. Huyu ni jirani yake, na kwa mvua zetu za mwisho wa mwaka huenda ana nguvu kuliko yeye.

Kumbuka mwisho wa 2019. Hapa mvua haikukata. Novemba maporomoko yakaua watu wengi West Pokot, na kabla mwaka kuisha nzige wakaingia Kenya. Mwaka huo huo Australia ilirekodi mwaka wake wa joto zaidi na mkavu zaidi tangu waanze kupima, na mashariki yake ikaungua moto mpaka 2020. Milima ya Flinders ilikuwa tayari imekauka tangu 2018. Hiyo ni miaka ambayo andu hupoteza watoto na mimba ya kangaruu hubaki imesimama. Halafu 2022 bembea ikarudi. Huku kaskazini yetu msimu wa tano ukafeli, ng'ombe na ngamia wakafa mpaka barabarani ukawa unaona mifupa, na kule Australia mito ikavunja kingo.

Yaani ile picha ya kangaruu mwenye mtoto kwa mfuko yenye cuzo alikutumia, kuna uwezekano siku hiyo mtu wa Marsabit alikuwa anatafuta maji. Si kwamba mmoja anamwibia mwingine. Ni bahari moja tu.

Kuna kitu kingine kidogo nusura kimalize Arkaroola bila kungoja ukame. Hayo mawe yana urani. Nyingi kiasi kwamba kuna chemchemi ya moto pale karibu inaitwa Paralana, na joto lake halitoki kwa volkano kama la Bogoria, linatoka kwa mawe yenye urani yanayojipasha yenyewe chini. Wageni huambiwa waangalie tu, wasipige kambi. Bila shaka kampuni ilikuja kutafuta hiyo urani, na mwaka wa 2008 ikagundulika ilikuwa imezika takataka zake za uchunguzi ndani ya hifadhi isivyofaa. Ikawa kesi ya umma, kelele miaka mitatu, na 2012 bunge la Australia Kusini likapitisha sheria maalum ya Arkaroola: hakuna kuchimba, hakuna kutafuta. Sheria ya mahali pamoja tu.

Basi uende lini? Watu wengi huenda kati ya Aprili na Oktoba. Juni na Julai mchana ni kama Limuru siku ya jua, lakini usiku unaweza kukaribia sifuri, kwa hivyo hiyo hoodie yako ya Toi beba mbili. Mimi ningechagua mwisho wa Agosti hadi Septemba. Baridi imelegea, emu wako na watoto, na kama mvua ilinyesha miezi ya baridi, maua mekundu yenye jicho jeusi katikati yanatandaza kwa udongo kama kanga. Kama haikunyesha, hakuna maua, na hakuna mtu wa kulaumu. Uliza loji wiki moja kabla, watakuambia ukweli kuhusu barabara na kuhusu mvua.

Ukiwa pale lipia ile safari ya kupanda milimani, kilomita 42 kwenda na kurudi kwa gari la wazi la 4x4, njia iliyochongwa na watafuta madini zamani. Ni ya kuogopesha kidogo na mwisho wake unaona mpaka Ziwa Frome likiwaka meupe kwa mbali. Usiku zima taa. Tangu 2023 Arkaroola inatambuliwa kimataifa kama hifadhi ya giza, yaani mahali ambapo taa za binadamu haziharibu anga, na wana vituo vya darubini. Andu watafute asubuhi mapema ama jua likishuka, karibu na mawe yenye maji. Leta maji kuliko unavyofikiri unahitaji, lita kadhaa za kila mtu kwa kila siku, halafu ongeza ya akiba, na matairi mawili ya spea kama unaweza.

Na usiendeshe baada ya giza kuingia. Kangaruu huanza kutembea magharibi na taa za gari humchanganya, anaruka mbele yako badala ya kukimbia kando. Huko magari mengi yana vyuma vikubwa mbele kwa sababu hiyo tu, na ukikodi gari mjini Adelaide soma vizuri ile karatasi: kampuni nyingi bima yao haigusi barabara ya udongo wala mnyama uliyemgonga usiku.